Mgambo! Nani huyo anayeitwa?

  Leo sina mambo ya mapenzi wala mitindo ya nywele. Nina neno moja tu, tena neno ambalo ukilitamka kwa sauti pale Kariakoo, Mtaa wa Kongo, watu wanaweza kukukanyaga bila kukusudia. Neno lenyewe ni mgambo.

Lilianzia kijiweni kwetu, kwenye kahawa. Redio ya muuza kahawa ilikuwa inatoa habari za dunia, mtangazaji akasema wanamgambo wameshambulia kijiji huko Ituri, mashariki ya Kongo, na kuua watu. Dogo mmoja muuza soksi, hajafika hata miaka 18, akashusha kikombe akauliza, "Kumbe na Kongo mgambo wapo? Na wa kwao wana bunduki?" Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini usiku nimelala chali natazama bati, nikaona yule dogo hakuuliza ujinga. Redioni mgambo ni mtu wa porini mwenye bunduki ya AK-47. Mtaani ni mtu mwenye kirungu anayeondoka na meza yako ya soksi. Na kuna mzee mmoja jirani yetu, alikwenda Uganda mwaka 1979, yeye neno hilo analitamka huku ameketi wima kama anapigwa picha. Watu watatu, jina moja. Inakuwaje?

Tuanze na wa redioni, kwa kuwa yuko mbali na hatusikii. Watangazaji wa idhaa za Kiswahili walihitaji neno la kumwita mtu anayepigana vita na wala si mwanajeshi wa serikali. "Muasi" halitoshi, maana muasi lazima awe anapingana na serikali, na wako wengine wanapigana upande wa serikali, wengine upande wa kabila lao, wengine upande wa mifuko yao. Hao wote wakaingizwa kwenye kapu moja, wanamgambo. Wale Interahamwe waliochinja watu Rwanda mwaka 1994 ni wanamgambo. Hezbollah wa Lebanon, wanamgambo. CODECO wa Ituri, wanamgambo. Ukisikiliza redio tangu utotoni unakua unajua neno hili lina damu.

Kule Kivu kuna mchezo mwingine wa maneno. Vijana wa kiraia waliochukua silaha kuisaidia serikali ya Kongo dhidi ya M23 wenyewe wanajiita Wazalendo. Kiswahili safi kabisa! Nao ni raia walioshika bunduki bila kuwa jeshi. Anayewapenda anawaita wazalendo, anayewaogopa anawaita wanamgambo. Mimi nikisikia jina la kundi lenye bunduki sikuhizi nauliza kwanza nani kalitaja.

Na ukivuka mpaka pale Namanga, jirani zetu Wakenya wale askari wa jiji lao wanawaita kanjo, limetoka kwenye lile neno la Kizungu la halmashauri. Mgambo kwao imebaki ile ya redioni tu, mfano lile kundi la SLDF lililotesa watu Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Kwa hiyo ukifika Nairobi ukamwambia mshikaji wako "jana nilikimbizwa na mgambo Manzese", usishangae akikuuliza ulitorokaje ukiwa hai.

Sasa turudi nyumbani, tena turudi nyuma kabisa kabla ya bunduki na kirungu. Wote tulikaririshwa shule ya msingi: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwalimu alitupa nusu ya kwanza, tukamalizia nusu ya pili kwa kelele, basi, tukaenda mapumziko. Hakuna aliyesimama kuuliza mbiu ni nini na mgambo ni nini. Mbiu ni pembe, kwa kawaida pembe ya nyati, inayopulizwa ikasikika mbali. Mgambo ni tangazo lenyewe, ule wito kwa watu wote. Pembe ikilia unaacha chungu motoni, unaacha jembe shambani, unakwenda kusikiliza. Huenda ni vita, huenda mkubwa wa mji ana amri mpya, huenda ni kazi ya wote kesho asubuhi. Huwezi kujua mpaka ufike, ila unajua si mzaha.

Yaani mgambo hakuwa mtu. Hakuwa na miguu wala gwanda. Alikuwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya kila mtu.

Miguu alipataje? Hapa inabidi nikupeleke darasani kidogo, lakini haraka haraka, usisinzie. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles, kambi ya Colito ambayo leo ndiyo Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara minono na walitaka maofisa wa Kizungu waondoke. Nchi ilitikisika mpaka Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza, walewale waliotoka kushusha bendera yao Desemba 1961, waje kutuliza mambo. Aibu kubwa. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, likianza na vijana ambao wengi walitoka kwenye Umoja wa Vijana wa TANU. Wazo lilikuwa kwamba askari asiwe mtu wa pembeni anayelinda mshahara wake, awe raia, na raia naye awe na uaskari kidogo ndani yake.

Halafu Novemba 1970 Wareno wakavamia Conakry, mji mkuu wa Guinea. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote hapo jirani tu. Wakubwa wa TANU wakaona moto unakaribia. Februari 1971 wakatoa Mwongozo, na moja ya mambo yaliyomo ni kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma mzima, kwa hiyo watu wafunzwe mgambo kila mahali. Ndipo makarani, wakulima na wafanyakazi wa viwandani wakaanza kupiga kwata baada ya kazi, na wazee wanasimulia habari za bunduki za mbao mpaka unacheka. Lakini jina lilikuwa limekaa mahali pake hasa. Jeshi la Mgambo ni jeshi la wito. Likipulizwa mnakuja, likinyamaza mnarudi kwenye shughuli zenu.

Na likapulizwa kweli. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, wakachukua ardhi yote mpaka mtoni, wakavunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Mgambo wakaitwa mikoa yote, makumi elfu ya raia wakaingia kwenye mstari pamoja na JWTZ. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wako ambao hawakurudi, na ukipita Kaboya, wilayani Muleba, utayakuta makaburi ya mashujaa wa vita ile.

Yule mzee jirani yetu mwaka 1978 alikuwa fundi cherehani. Nilimfuata barazani kwake jioni moja, nikamwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, nikamuuliza, "Babu, hivi wewe ulikuwa mwanajeshi?" Akakataa kwa kichwa. "Mwanajeshi ile ni kazi yake, anaajiriwa. Mimi nilikuwa mgambo. Niliitwa." Vita ilipokwisha alirudi kwenye cherehani yake, mwaka uleule, akaendelea kushona kaunda suti. Hajawahi kudai kitu. Ila kuna siku vijana walikuwa wanamtukana mgambo mmoja wa jiji mbele yake, wanasema "migambo hawa wanyama", nikamwona babu anaingia ndani taratibu na kufunga mlango.

Sikiliza hiyo "migambo" vizuri. Mtu mmoja wa jeshi lile ni mwanamgambo, wengi ni wanamgambo, kama unavyosema mwanachama na wanachama. Mtaani tumeng'oa ule "mwana" tukamtupa. Tunasema mgambo mmoja, migambo wawili, kama mti na miti, kama mkoba na mikoba. Mwalimu wa Kiswahili atakwambia ni kosa. Mimi naona ni hukumu. Tumemtoa kwenye kundi la watu tukampanga na vitu.

Na hatukufanya hivyo bure. Mwaka 1975 ilitungwa sheria iliyompa mgambo mamlaka ya kukamata watu. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ile ya kuwasomba mijini watu wasio na kazi na kuwarudisha vijijini. Kijana ukikutwa mchana unazurura Dar es Salaam, hata kama ulikuwa unakwenda kwa shangazi yako, unapandishwa karandinga. Vijijini nako kulikuwa na kodi ya kichwa. Waulize baba zako wadogo wa bara jinsi wanaume wazima walivyokuwa wanalala mashambani kukwepa mgambo wa kodi. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini mtu aliyelala kwenye mihogo miaka mitatu hasahau sura ya aliyemlaza huko. Na Dar kati ya 1996 na 2000, enzi za Tume ya Jiji, vibanda vilivunjwa mpaka watu wakawa wanauza ndala wakiwa wamezivaa mikononi. Unaona safari ya neno? Alikuwa anaita watu, sasa anawafukuza.

Wakubwa wamebadilika na kubadilika. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, ukikivaa shingoni mgambo alikuwa anakupita kama hakuoni. Oktoba 2021 machinga wa Dar wakaondolewa tena barabarani kupelekwa maeneo waliyopangiwa. Hata lile Jiji la zamani la Dar lilivunjwa Februari 2021 na Ilala ikapewa ujiji. Mgambo wa jiji amebaki palepale, hata kwenye manispaa zisizo jiji anaitwa wa jiji.

Kama hujawahi kuona jambo hili kwa macho nenda mahali machinga wanakopanga bidhaa chini. Shuka limetandazwa, juu yake mikanda, chaji za simu, vitana. Kwenye pembe nne za shuka kuna kamba. Mwenyewe anaongea na wewe anacheka, anakupunguzia bei, ila kamba hajaiachia. Ghafla mtu wa mwanzo wa mtaa anapaza sauti, "Mgambooo!" Kabla hujageuka shuka limekuwa furushi, furushi liko begani, na jamaa katoka nduki na pesa yako ya chenji. Hakuna anayeuliza mgambo gani, wangapi, wako wapi. Watu wanasikia na kujua kuna jambo. Nilipofikiria hilo nikacheka peke yangu kwenye daladala, maana mgambo amerudi kuwa sauti kama enzi za pembe ya nyati. Tofauti ni kwamba zamani ukiisikia ulikimbilia inakotoka, sasa unaikimbia.

(Kwa wapenzi wa kabumbu: najua mtaniandama. Ndiyo, ilikuwepo Mgambo JKT ya Handeni iliyocheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2012/13. Ilishuka 2015/16 pamoja na Coastal Union na African Sports, timu tatu za Tanga kwa mkupuo mmoja. Hiyo sitaki kuiongelea, nina shemeji zangu huko.)

Sasa huyu anayetukimbiza ni nani hasa? Tunapenda kumfikiria kama mtu aliyeshushwa kutoka sayari nyingine. Hapana bwana. Mafunzo ya mgambo, ambayo sikuhizi kwenye risala yanaitwa mafunzo ya Jeshi la Akiba, yanaendeshwa wilayani chini ya mshauri wa mgambo, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ. Ni miezi kadhaa ya kwata, mbio, kusoma ramani, kulenga shabaha, huduma ya kwanza na sheria kidogo. Siku ya kufunga anakuja mkuu wa wilaya, vijana wanapita kwa gwaride, halafu mmoja anasoma risala. Nenda kwenye yoyote kati ya hizo sherehe, risala ina ombi lilelile: mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba ajira.

Ndiyo sababu wako pale. Kampuni za ulinzi zinataka mtu mwenye cheti cha mgambo au cha JKT ndipo zimpe lindo la ghala au geti la benki. Ukiwa umemaliza kidato cha nne na matokeo yako hayasemeki mbele ya wageni, miezi ile ya jua ni mlango. Wengine lindo hawapati, wanapata kibarua cha operesheni za kusafisha mitaa, siku ipo siku haipo.

Nina mshikaji tuliyekaa naye dawati moja sekondari. Ndiyo kazi yake hiyo. Anaishi chumba kimoja uswahilini kama mimi na wewe, anadaiwa kodi kama mimi na wewe. Na mama yake anauza ndizi na karanga pembeni mwa barabara, bila meza wala kibali, kitu kilekile anachotumwa mwanawe kukiondoa. Siku moja nilimuuliza, kwa hiyo ukimkuta mama? Akanyamaza. Halafu akasema operesheni ikipangwa upande ule usiku anampigia simu, "Mama kesho pumzika, miguu yako si inauma?" Mama anaelewa. Na mama naye hawezi kukaa na siri, anamwambia muuza mahindi, muuza mahindi anamwambia wa mitumba, asubuhi gari la operesheni likifika mstari mzima mweupe. Msimamizi wao anashangaa watu hawa wana mganga gani.

Hapo usinielewe vibaya nikaonekana nawatetea wote. Nimewahi kuona mama mtu mzima anamwagiwa sinia la vitumbua kwenye mtaro na kijana anayeweza kuwa mjukuu wake, halafu kijana anacheka. Hilo halina jina la kistaarabu. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1985 inasema wazi kwamba anayemkamata mtu asitumie nguvu wala kumdhalilisha kupita kiasi kinachohitajika. Vitumbua vile havikuwa na silaha. Mimi naona kila mgambo wa mtaani angevaa namba kubwa kifuani inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na kila mzigo unaochukuliwa uandikwe kwenye karatasi, mwenyewe abaki na nakala. Na alipwe mshahara unaoeleweka, maana mtu mwenye njaa ukimpa kirungu na ndizi za mtu mwingine unajua mwenyewe ndizi zinakwenda wapi.

Lakini hii ya kumwita mnyama mimi nimeiacha. Si kwa sababu ya wema, ni kwa sababu ya ule mlango wa babu. Nikiwa na hasira nasema "wale jamaa wa halmashauri", inatosha, kila mtu anaelewa. Nilimwambia hivyo mshikaji wangu wa dawati moja, nikidhani atafurahi. Akaniangalia, akasema yeye anapenda kuitwa mwanamgambo, kwa ukamilifu, kama lilivyoandikwa kwenye cheti chake alichokitia fremu na kukitundika juu ya kitanda. Nikamuuliza lini mara ya mwisho mtu kakuita hivyo. Akasema siku ya gwaride.

Nafasi imeisha na mhariri ananiangalia kwa jicho la pembeni. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya kawaida, kuna barua ya dada mmoja wa Temeke ambaye wachumba wake wawili wamegundulika ni ndugu. Msikose.